Wasihiri Wawili na Maktaba Moja: Kuisoma Riwaya ya Susanna Clarke

Makala haya yanadhamiria kufafanua jinsi mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anavyoweza kuisoma riwaya ya Susanna Clarke, Jonathan Strange & Mr Norrell, iliyochapishwa mwaka wa 2004 na kupata Tuzo ya Hugo mwaka uliofuata. Riwaya yenyewe ina takriban kurasa 800, hivyo hatuna budi kuchagua. Tutajifunga kwa swali moja: maarifa yakigeuka mali ya mtu mmoja, wengine hubaki na nini?

Wasomaji wengi wa siku hizi huiweka kazi hii katika kundi la hadithi za usomi wa giza, yaani zile ambamo vitabu na taaluma ndiyo mandhari, na kiu ya kujua huwafikisha wahusika kwenye uovu. Asili ya kundi hilo aghalabu hurejeshwa kwenye The Secret History ya Donna Tartt (1992), ambamo wanafunzi wanamuua mwenzao. Clarke hahitaji chuo. Anahitaji maktaba moja iliyofungwa.

Kikwazo cha kwanza kwa msomaji wetu ni istilahi. Hawa watu wawili tuwaite nani? Tukisema wachawi, tumekwisha kuwahukumu, kwani kwa Kiswahili mchawi ni mtu wa kudhuru. Mganga anatibu, na Norrell hamtibu mtu. Mazingaombwe ni ya kuchekesha watoto sokoni. Tumeonelea neno msihiri lifae zaidi. Halikosi doa, maana sihiri imeharamishwa katika Uislamu, lakini angalau lina harufu ya kitabu, na katika riwaya hii sihiri ni somo la waungwana wanaovaa mawigi na kubishana juu ya matoleo ya vitabu vikuukuu. Msomaji aliyepitia Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ambamo jini anawageuza ndugu kuwa manyani, hatatatizwa na miujiza ya Clarke. Kitakachomshangaza ni urasimu wake.

Kisa kinaanzia York, kaskazini mwa Uingereza, mwaka wa 1806. Huko kuna chama cha wasihiri wanaokutana kila mwezi kusomeana makala marefu kuhusu historia ya sihiri. Hakuna hata mmoja wao awezaye kuitenda. Mwanachama mpya, Segundus, anapouliza ni kwa nini sihiri haitendwi tena nchini, wakubwa wa chama wanaudhika kana kwamba amewatusi. (Aliyewahi kuhudhuria kongamano la fasihi atacheka, kisha atanyamaza.)

Jibu liko kwa Gilbert Norrell, mzee mpweke wa Hurtfew Abbey, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akinunua kila kitabu cha sihiri kinachopatikana. Anakubali kuuonyesha uwezo wake kwa sharti: akifaulu, wanachama wataacha kabisa kusoma sihiri wala hawatajiita wasihiri tena. Wote wanatia sahihi isipokuwa Segundus. Siku ya siku, sanamu za mawe katika kanisa kuu la York zinaanza kusema, na mojawapo inalilia msichana aliyeuawa karne nyingi zilizopita. Chama kinakufa papo hapo. Tuitazame vyema mbinu hii. Norrell hakumpiga mtu wala kumtia gerezani. Alinunua vitabu, kisha akawafunga wasomaji kwa karatasi waliyoisaini wenyewe.

Jonathan Strange ni kinyume chake: kijana tajiri asiye na utaratibu, aliyeingia katika sihiri kwa bahati tu na kujifunza mengi kwa kujaribu, kwa sababu hakuna kitabu cha kusoma. Norrell anamfanya mwanafunzi wake. Tena anampenda, kwani ndiye mtu wa pekee anayemwelewa anapozungumza. Lakini vitabu vilivyo bora vinaendelea kufichwa Hurtfew. Huu ndio ukweli mchungu wa uhusika wa Norrell: upendo wake kwa mwanafunzi ni wa kweli, na hofu yake ya kupitwa ni ya kweli vilevile.

Hatimaye wanatengana, na sababu si mwanamke wala fedha. Ni uhakiki. Strange anachapisha mapitio katika jarida la Edinburgh Review na kuyapinga hadharani mawazo ya mwalimu wake kuhusu Mfalme Kunguru, mtawala wa kale ambaye Norrell anataka kumfuta katika historia ya sihiri. Strange anapotoa kitabu chake mwenyewe, Norrell anavitowesha vitabu vyote kwa sihiri, hata vilivyokwisha kununuliwa.

Hapa tuseme neno kuhusu umbo. Riwaya ina tanbihi zinazokaribia 200, nyingi zikirejelea vitabu ambavyo havijawahi kuandikwa na nyingine zikisimulia ngano kamili. Wanaozirukia kwa haraka wanajinyima. Kwa maoni yetu, tanbihi hizi ni za uasi: ni kama kwamba Clarke anamwibia Norrell vitabu na kutugawia kurasa mojamoja.

Ni nani basi anayelipia umaarufu wa msihiri? Ili apate kuaminiwa na mawaziri wa London, Norrell anamfufua bibi-harusi mtarajiwa wa Sir Walter Pole kwa kupatana na jini. Bei ni nusu ya uhai wa mwanamke huyo. Kila usiku anachukuliwa kucheza dansi katika kasri la jini, na kila anapojaribu kulisema jambo hilo, kinywa chake kinatoa hadithi zisizohusika. Watu wanamwona mwendawazimu. Norrell anajua, ananyamaza. Pamoja na bibi huyo ananaswa Stephen Black, mkuu wa watumishi wa nyumba hiyo, mwana wa mtumwa wa Kiafrika aliyefia melini. Ikumbukwe kwamba miaka ya riwaya hii ndiyo miaka ya sheria ya Uingereza ya 1807 iliyopiga marufuku biashara ya watumwa. Clarke anampa Stephen ufalme mwishoni, lakini ni ufalme wa nchi ya majini. Hatuamini kwamba hilo linatosha. Uingereza iliyomtumikisha inabaki vilevile, na wanaoisifu riwaya hii bila kusita hulipita jambo hilo upesi mno.

Kuna kitabu kimoja ambacho Norrell hakufaulu kukinunua. Baba yake Vinculus, msihiri mchafu wa barabarani, alikila kitabu cha Mfalme Kunguru katika mashindano ya ulevi, na mtoto akazaliwa na maandishi yake ngozini. Strange na Norrell wanapotoweka katika giza la milele, Childermass, aliyekuwa mtumishi wa Norrell, anampeleka Vinculus York na kuwatangazia wanachama wa kile chama cha zamani kwamba mkataba wao umevunjika. Maandishi yamekwisha kubadilika mwilini, na hakuna awezaye kuyasoma. Wazee wale wanasogeza viti karibu na kuanza kubishana.