Simu mpya ina mwanya? Ichunguze kabla chumvi haijaingia

Ukunda siku hizi maduka ya simu yamekaribiana kama vibanda vya viazi karai. Mtu hutoka na boksi jipya, akafika nyumbani akavisha kava, na usiku ule ule akaanza kuigeuza geuza simu: mbona pembe hii imeinuka? Mbona kitufe kinacheza? Mbona inapata moto hivi? Akiwaeleza wenzake huchekwa. Huambiwa simu ni ya kupiga na kupokea, si dhahabu ya kupimwa kwenye mizani.

Mimi naona mwenye wasiwasi huo asichekwe. Siku za kwanza ndizo siku ambazo wasiwasi una faida. Simu bado haijaanguka, haijamwagikiwa na chai, haijafunguliwa na fundi, na muuzaji hana pa kukusukumia lawama. Ukingoja mwezi wa tatu, kasoro iliyotoka kiwandani na kasoro uliyoileta wewe zitakuwa zimefanana, na hakuna atakayezitenganisha.

Tena hasara yenyewe si ya simu peke yake. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, simu imekuwa mkoba. Tangu Novemba 2022, mkopo wa Hustler Fund unaombwa kwa simu. Mama anayelima mwani Kibuyuni, mvuvi wa Gazi na kijana wa bodaboda Msambweni wote wanalipwa humo. Hata simu za bei nafuu si mchezo: zile za Neon zinazounganishwa Athi River zilipozinduliwa Oktoba 2023, zilitangazwa kwa Sh7,499 na Sh8,999. Kwa nyumba nyingi za Kwale hizo ni pesa zilizokusanywa kwa miezi.

Kasoro inayokaa na kasoro inayokua

Simu ya kisasa ni tabaka juu ya tabaka. Katikati kuna fremu. Juu yake kimebandikwa kioo kwa gundi, ndani imelazwa betri, na nyuma kuna mfuniko uliobandikwa au kubanwa kwa vishikizo vidogo vya plastiki. Kila kiwanda huruhusu tofauti ndogo ya vipimo, kwa hiyo simu mbili za aina moja haziwi sawa kabisa. Kitufe kulegea kidogo, au rangi ya mfuniko kupishana na ya fremu, kwa kawaida ni sura tu. Itakaa hivyo hivyo mpaka simu izeeke.

Kasoro ya kuogopa ni ile inayokua. Mwanya kati ya kioo na fremu ndio mfano mkubwa, na una sababu zaidi ya moja. Huenda kishikizo hakikuingia vizuri. Ukibonyeza taratibu kwa kidole hulia "ta" na kutulia. Huenda gundi haikushika. Ukibonyeza hushuka, ukiachilia huinuka tena. Huenda fremu imepinda. Ilaze simu bila kava juu ya meza iliyonyooka uone kama inayumba kwa namna ambayo uvimbe wa kamera hauwezi kueleza. Na huenda betri imeanza kufura na inasukuma kioo au mfuniko kutoka ndani. Hiyo ya mwisho usiibonyeze, usiichaji, wala usimpe mtoto achezee. Izime, iweke mbali na vitu vinavyoshika moto, kisha irudishe ilikotoka.

Sisemi haya kutia watu hofu bure. Mwaka 2016 Samsung iliita simu zake za Galaxy Note 7, takriban milioni 2.5 duniani, baada ya baadhi kuwaka moto. Uchunguzi wa kampuni ulionyesha kwamba betri za awali zilikuwa zimebanwa kwenye pembe, na zile zilizoletwa badala yake zilikuwa na kasoro za uchomeleaji. Ni vitu vidogo ambavyo jicho haliwezi kuviona kwa nje, lakini simu hiyo iliondolewa sokoni kabisa Oktoba mwaka huo. Miaka miwili kabla, wenye iPhone 6 Plus waliosema simu zao zinapinda mfukoni waliambiwa ni wachache mno. Mwaka 2018, nyaraka za kampuni zilizotajwa mahakamani zilionyesha kwamba Apple ilijua mapema kuwa simu hiyo ilikuwa rahisi zaidi kupinda kuliko iliyoitangulia.

Kwa nini pwani ni zaidi

Mwanya ambao mtu wa Nyeri anaweza kuishi nao miaka miwili, mtu wa Tiwi au Shimoni huenda asifikishe nao mwaka. Upepo wetu una chumvi. Chumvi hunyonya unyevu kutoka hewani, na unyevu wenye chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matupu. Ukiingia ndani ya simu, au kwenye tundu la chaji, kisha umeme ukapita, shaba huanza kuliwa na kuacha ule ukoko wa kijani ambao mafundi wetu wanaujua sana. Simu haifi siku hiyo. Huanza kwa kuchaji taratibu, kisha sauti kukwaruza, kisha siku moja haiwaki.

Hapo wengi hujitetea: "Yangu haiingii maji, imeandikwa IP68." Tarakimu ya 6 ni ya vumbi na ya 8 ni ya maji, ni kweli. Lakini kipimo hicho hufanywa kwa maji baridi ya kawaida, si ya bahari, tena kwa simu mpya ambayo gundi yake haina dosari. Mwaka 2022 mahakama ya Australia iliamuru tawi la Samsung nchini humo lilipe faini ya dola milioni 14 za Australia, kwa sababu matangazo yake yalionyesha simu zikitumika kwenye madimbwi ya kuogelea na baharini. Kampuni ilikiri kwamba tundu la chaji lingeweza kuliwa na kutu simu ikichajiwa ikiwa bado imelowa. Basi wewe unayepiga picha ukiwa majini Diani, ukumbuke hilo. Kumbuka pia kwamba simu nyingi zina kibandiko kidogo ndani kinachogeuka rangi kikiguswa na maji, na kikishageuka, dhamana mara nyingi huishia hapo.

Joto nalo lina lake. Watengenezaji wakubwa hushauri simu itumike hewa ikiwa chini ya nyuzi 35. Simu iliyoachwa kwenye kiti cha pikipiki saa saba mchana, au juu ya dashibodi ya matatu, inapita hapo kwa urahisi, na betri ya lithiamu huzeeka haraka kwenye joto. Kwa hiyo ukiipima simu mpya kama inapata moto, ipime ukiwa kivulini, la sivyo utalaumu kiwanda kwa kazi ya jua.

Namna ya kuikagua

Anzia dukani, kabla hujatoa pesa. Piga *#06# na ulinganishe namba ya IMEI inayotokea na ile ya boksi. Wakenya hatujasahau usiku wa Septemba 30, 2012, simu bandia zilipozimwa kwenye mitandao nchini kote. Chomeka chaja uone kama inashika au inalegea. Weka laini, piga simu, sikiliza sauti za pande zote mbili, na uone kama kioo kinazimika ukiiweka sikioni.

Nyumbani, usiku, zima taa na ufungue picha nyeupe tupu, mwanga ukiwa juu. Tafuta doa, mstari, au mwanga unaovuja pembeni. Chukua ukingo wa karatasi, hata risiti yenyewe, uupitishe polepole kuzunguka kioo. Ukiingia mahali pamoja na kukataa kwingine, hapo pana neno. Ukitikisa simu ukasikia kitu kinagonga kwenye kamera, usiruke kulalamika: kamera zinazotuliza picha huwa na lenzi inayoelea, na huo mlio ni wa kawaida kwao. Piga picha ya kila dosari unayoiona, na tarehe ionekane.

Mimi mwenyewe yalinifika mwaka uliopita. Simu ya siku mbili, upande wa kushoto kucha inaingia. Nilipoirudisha dukani kijana wa kaunta akaniambia, "Mzee wangu, hiyo ni kawaida, kwani unaongelea kwenye mwanya?" Sikubishana. Nikamwomba atoe nyingine ya aina hiyo hiyo tuzilaze pamoja juu ya kioo cha kaunta. Moja ilitulia, yangu ikayumba. Nikamwonyesha risiti, boksi na picha nilizopiga usiku wa kwanza. Siku ya sita nilipewa nyingine. Kelele zangu zisingefanya kitu. Kilichofanya kazi ni ushahidi na uchache wa siku.

Haki yako iko wapi

Risiti nyingi zimeandikwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Maandishi hayo hayafuti Katiba. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa nayo inataka kitu kinachouzwa na mfanyabiashara kiwe na hali ya kuuzika, lakini ina masharti mawili ya kuangaliwa. Kama uliikagua bidhaa kabla ya kununua, kasoro ambayo ukaguzi huo ungepaswa kuiona huwezi kuidai baadaye. Na ukikaa na kitu muda mrefu bila kusema, unahesabiwa umekikubali. Ndiyo maana nasema kagua kwa makini, na ukiona jambo, sema mapema.

Muuzaji akikataa katakata, unaweza kulalamika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo pia hushughulikia malalamiko ya wanunuzi. Ipo pia Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Unaweza kujisimamia bila wakili.

Wanaonunua kwa kulipa kidogo kidogo kila siku wawe macho zaidi. Ukiacha kulipa, simu hufungwa kwa mbali, na deni halisimami kwa sababu kioo kimeinuka. Mkopo ni jambo moja na dhamana ya simu ni jingine. Kabla ya kutia sahihi, uliza: ikiharibika wiki ya kwanza naipeleka wapi, Ukunda hapa au mpaka nivuke feri Likoni? Itakapokuwa kwa fundi, malipo ya kila siku yanaendelea? Jibu liandikwe. Asiyetaka kuliandika amekwisha kukujibu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa simu hauzibwi kwa gundi ya dukani. Ukiupaka gundi umejipokonya dhamana kwa mkono wako. Weka risiti na boksi mahali pakavu mpaka muda wa dhamana uishe, na kava usiivishe mpaka uwe umeikagua simu yote.