Bosi Mpya Kaja, Jani Halisubiri

Hebu fikiria, msomaji wangu. Unafika kazini asubuhi unaambiwa kampuni imepata mwenyewe mpya. Jana ulimjua mzee wa kumwomba ruhusa ya msiba, leo hujui hata ugonge mlango gani. Sisi wa mjini tunanung'unika ndani ya daladala, kesho tunarudi kazini kama kawaida. Kule milima ya Usambara walifanya kingine. Walikifunga kiwanda!

Nakizungumzia kiwanda cha chai cha Mponde, Bumbuli, wilayani Lushoto. Kilikuwa mali ya serikali. Ulipovuma upepo wa ubinafsishaji, mwaka 1999 kikaenda kwa chama cha wakulima wa chai, UTEGA, nacho kikaingia ubia na mwekezaji. Kwenye karatasi mkulima ndiye tajiri. Shambani mambo yakawa mengine: watu wakalalamikia bei ya jani, wakalalamika kwamba mambo ya kiwanda "chao" hawaambiwi. Mwaka 2013 uvumilivu ukaisha, kufuli likaingia mlangoni.

Sasa chai siyo mahindi, kwamba utayaweka darini ungoje bei. Ukishachuma yale majani mawili na kichipukizi, yanatakiwa kiwandani siku hiyo hiyo yakanyaushwe. Yakilala kwenye gunia yanashika moto, yanaharibika. Ukiacha kuchuma, mchai nao hauna adabu, unarefuka unakuwa mti. Kwa hiyo kufuli lile halikumbana mwekezaji peke yake. Mtu wa mashine, dereva wa lori la jani, mama mwenye kikapu, hata muuza maandazi wa getini, wote mikono mifukoni.

Walikosea? Mimi siwezi kuwahukumu. Mtu hafungi mlango wa riziki yake kwa utani. Ila jamani, njaa waliila wao.

Serikali ilikichukua tena mwaka 2016, baadaye kikakabidhiwa kwa PSSSF na WCF, yaani mfuko wa pensheni na ule wa fidia kwa wafanyakazi. Hesabu mwenyewe: serikali, chama na mwekezaji, serikali tena, halafu mifuko. Mama wa kikapu ni yule yule. Ningemkuta leo ningemwuliza swali moja tu: mama, kati ya hao wote, ni nani aliyekuja kukaa na wewe akakueleza jani lako litalipwa lini?