"Upitishaji Umeme", "Maji Baridi" na "Maji Safi": Istilahi za Upimaji wa Maji ya Chini ya Ardhi

Mfasiri anayekabidhiwa taarifa ya upimaji wa maji ya chini ya ardhi hana budi kufahamu kwanza chombo kinapima nini. Tuchukue mfano wa eneo la Posta, Dar es Salaam. Boma la Kale, lililojengwa kwa mawe ya matumbawe mnamo 1866 na 1867, zama za Sultani Majid, liko hatua chache kutoka bandarini. Katika pwani kama hii, maji ya mvua yaliyozama mchangani hukutana na maji ya bahari. Unyevu wenye chumvi ukipanda ukutani na kukauka, chumvi hugeuka chembe ngumu ndani ya mawe, na chokaa huanza kumomonyoka. Lakini kuchimba mashimo kila mahali ili kuyatafuta maji hayo ni kuliharibu jengo tunalotaka kulihifadhi.

Hapo ndipo upimaji wa sumakuumeme unapofaa. Koili moja hupitishiwa mkondo geu wa umeme. Uga wa sumaku unaotokea huzusha mikondo midogo ardhini, nayo huzaa uga wa pili unaopokelewa na koili nyingine. Ardhi inayopitisha umeme kwa urahisi hutoa jibu kubwa zaidi, na maji ya bahari huupitisha makumi ya mara kuliko maji ya kisima kizuri.

Basi, chombo hakioni maji. Kinachopimwa ni upitishaji umeme, na udongo wa mfinyanzi waweza kuupandisha bila bahari kuhusika. Mabomba ya chuma na nyaya, ambazo Posta zimejaa tele, nazo huvuruga kipimo. Kwa hiyo mfasiri anayeandika "chombo kimegundua maji ya chumvi" ametoa hukumu ambayo mpimaji hakuitoa. Aandike "upitishaji mkubwa wa umeme", sampuli ya kisima ithibitishe mengine. Wapo wanaopendelea "ukinzani". Si kosa, ila tarakimu zake huenda kinyume: penye chumvi upitishaji hupanda, ukinzani hushuka.

Kosa zito zaidi ni kuyaita maji yasiyo na chumvi "maji safi". Serikalini, maji safi ni yale yanayofaa kunywewa. Hata mamlaka ya maji ya jiji inalibeba neno hilo katika jina lake. Tangu ukame wa 1997 visima vingi vimechimbwa Dar es Salaam, na maji ya kisima cha Kariakoo yaweza kukosa chumvi ya bahari huku yakibeba uchafu wa vyooni. Sumakuumeme haina habari na vijidudu. Ofisa akisoma "maji safi" katika taarifa, huenda akaruhusu watu wayanywe.

Tunapendekeza "maji baridi", istilahi ambayo walimu wa sayansi wameizoea wanapotaja samaki wa mito na maziwa. Atakayedai kuwa maji ya kisima hicho ni ya vuguvugu, na akumbuke kwamba samaki hao nao hawaishi katika barafu. "Maji matamu" twayaachia mazungumzo, kwani katika taarifa yatamfanya msomaji adhani kuwa mpimaji ameyaonja.