Roboti anayeandika kama mutu wa Goma

Bandugu, tuanze na virgile. Mkulima wa Masisi anakwambia shamba lake ni hekta 2,5. Wewe unaandika kwa fomulere vile ulifundishwa masomo: mbili, virgile, tano. Ukurasa unajibu "asante", kila mutu anarudi kwake. Kumbe ndani ya hifadhi ya data kumeandikwa 2. Nusu hekta imepotea, na mbegu zitakuja za hekta mbili.

Hii inawezekana kabisa. JavaScript iko na amri inaitwa parseFloat: ukiipa 2,5 inasoma 2, inaacha yaliyobaki bila kulalamika, sababu inajua nukta tu. Fundi alijaribu ukurasa peke yake, seva peke yake, hifadhi peke yake, kila mara na 2.5 ya nukta. Vyote vilipita.

Njo maana kuko majaribio ya programu nzima, toka juu mpaka chini. Programu ndogo inakaa pa nafasi ya mtumiaji: inafungua kivinjari cha kweli, inaandika, inafinya butoni ya kutuma, inangoja, kisha inafungua orodha na kuangalia kama ile 2,5 iko. Ikikuta 2, jaribio linaanguka. Selenium, ambayo Jason Huggins alianzisha kule Chicago mwaka 2004, njo ilieneza kazi hii (sisi wa agronomia tunajua jina hilo kwa malisho ya ng'ombe, tusichanganye). Leo kuko pia Playwright ya Microsoft, tangu 2020, bila malipo.

Lakini roboti hana akili. Ukimwambia aandike 2.5, atapita na kosa litabaki. Umufundishe mkono wa watu wa hapa: virgile, jina lenye nafasi katikati, simu bila namba za nchi. Playwright inaweza hata kukata intaneti katikati ya kazi. Hapa kwetu mutu anafinya, rezo inaanguka, anafinya tena mara tatu. Je, mkulima mmoja ameandikwa mara tatu? Mimi ningeanza na jaribio hilo.

Majaribio haya ni ya polepole, na ukibadilisha jina la butoni yanaweza kuanguka bure. Kwa hiyo chagua njia ambazo zikiharibika mutu analala njaa: kuandikisha shamba, kupokea mbegu, kulipwa. Na uyafanyie kwa hifadhi yao ya pembeni, la sivyo mkulima wa kubuni atapangiwa mbegu za kweli.