Haki Haiuzwi, Lakini Baraza Lina Ada

Mtu amefanya kazi mwezi mzima, na bwana wake akataa kumpa mshahara. Aende wapi? Kila mmoja atajibu mara moja: aende barazani, hakimu akate shauri. Jibu hilo ni jema. Lakini mlangoni pa baraza yuko karani, na mezani pake kipo kitabu cha risiti. Kabla shauri halijasikilizwa, mara nyingi yapasa kulipa ada. Na ikiwa ada yenyewe yakaribia kuwa sawa na mshahara unaodaiwa, je?

Leo twataka kuzungumza na wasomaji wetu juu ya ada hiyo, na kuwasimulia mambo yaliyotokea Uingereza tangu mwaka 2013 hata 2017. Ni mambo ya mbali, lakini mafundisho yake ni ya karibu.

ADA SI FAINI, WALA SI RUSHWA

Kwanza tusichanganye maneno. Faini hulipwa na mtu aliyevunja sheria, akiisha kuhukumiwa. Rushwa hutolewa kwa siri ili haki ipotoshwe. Nayo haina risiti. Ada ni kitu kingine kabisa. Imewekwa na sheria, kiasi chake chajulikana na wote, nayo huingia katika hazina ya serikali ili kusaidia gharama za baraza. Si vibaya mwenye shauri achangie kidogo. Tena mara nyingi mdai akishinda, mdaiwa huamriwa kumrudishia ada aliyolipa.

Basi ubaya hauko katika ada yenyewe. Ubaya huanza pale ada inapogeuka kuwa ukuta.

MABARAZA YA KAZI

Waingereza wana mabaraza ya pekee ya kukata mashauri kati ya wafanya kazi na mabwana zao. Yalianzishwa kwa sheria ya mwaka 1964. Kwa muda wa karibu miaka 50 mfanya kazi aliweza kupeleka shauri lake huko bila kulipa ada yo yote.

Lakini siku ya kukumbukwa ni 29 Julai 2013, kwa kuwa siku hiyo desturi ile ilikoma. Mtu aliyedai mshahara wake alitakiwa kulipa pauni 160 alipofungua shauri, na pauni 230 tena kabla ya kusikilizwa. Jumla pauni 390. Aliyefukuzwa kazi pasipo haki, au aliyebaguliwa, alitakiwa kulipa pauni 250 kwanza, kisha 950. Jumla pauni 1,200.

Serikali ilikuwa na sababu zake. Ilisema kwamba wanaotumia mabaraza wabebe sehemu ya mzigo pamoja na walipa kodi. Kwamba mashauri ya ovyo yapungue. Na kwamba watu wapatane wenyewe kwa wenyewe. Tena maskini kabisa waliweza kuomba kuachiliwa ada. Lakini mtu aliyekuwa na akiba ya pauni 3,000 hakuachiliwa, hata kama akiba hiyo ndiyo iliyokuwa ikimlisha baada ya kufukuzwa kazi.

Matokeo yakawaje? Mashauri yalipungua kwa asilimia kati ya 66 na 70. Je, mabwana wote waligeuka kuwa wema kwa siku moja? La. Watu walihesabu fedha zao, wakakaa kimya. Nani atalipa pauni 390 ili adai pauni 400, naye hana hakika ya kushinda, wala ya kulipwa hata akishinda?

SHAURI JUU YA ADA ZENYEWE

Chama cha wafanya kazi kiitwacho UNISON kiliishtaki serikali. Kilishindwa katika Mahakama Kuu mwaka 2014, kikashindwa tena katika Mahakama ya Rufani mwaka 2015. Hakikukata tamaa. Shauri likafika mbele ya mahakama iliyo juu ya zote, wakakaa mahakimu saba. Tarehe 26 Julai 2017 walitoa hukumu, wote kwa sauti moja: agizo lile la ada lilikuwa kinyume cha sheria tangu siku lilipotolewa.

Hakimu Lord Reed ndiye aliyeandika hukumu. Alikumbusha ule mkataba wa kale wa Magna Carta, wa mwaka 1215, ambamo mfalme wa Waingereza aliahidi kwamba hatamwuzia mtu haki, wala hatamnyima. Tena alieleza kwamba haitoshi ada iwe inalipika kwa hesabu za karatasini. Lazima ilipike katika maisha ya kweli. Ikiwa jamaa yenye mapato madogo yalazimika kujinyima mahitaji yake ya kawaida ili ipate ada, ada hiyo hailipiki.

Serikali ilitii. Iliacha kutoza ada zile mara moja, na tangu Oktoba 2017 ikaanza kuwarudishia watu fedha walizokuwa wamelipa.

MWANAMKE MASKINI NA KONOKONO

Kuna neno moja katika hukumu hiyo lililotugusa zaidi. Hakimu alikataa wazo la kwamba baraza humfaa yule tu aliyepeleka shauri. Kati ya mifano aliyotaja ni shauri la May Donoghue.

Mwanamke huyu alikuwa mwuza duka huko Scotland. Mwaka 1928, katika mji wa Paisley, rafiki yake alimnunulia kinywaji cha tangawizi. Chupa ilikuwa nyeusi, ndani hapaonekani. Akiisha kunywa sehemu yake, kilichobaki kilipomiminwa alisema kwamba ametoka konokono aliyeoza. Akaugua, akamshtaki mtengenezaji wa kinywaji, Stevenson. Shauri lilipopanda mpaka London, alikiri kwamba mali yake yote haifiki pauni 5. Akakubaliwa kushtaki kama maskini, bila kudaiwa dhamana ya gharama.

Mwaka 1932 mahakimu watatu kati ya watano walikubaliana naye: mwenye kutengeneza kitu cha kuliwa au kunywewa ana wajibu wa kumwangalia yule atakayekitumia, hata kama hakumwuzia kwa mkono wake. Kanuni hiyo ikaenea katika nchi nyingi zinazofuata sheria ya Kiingereza. Haya, kama mlango ungalifungwa mbele ya mwanamke huyu kwa sababu ya fedha, hasara ingalikuwa yake peke yake? Ingalikuwa ya kila mtu afunguaye chupa.

Ndivyo ilivyo hata kwa mishahara. Bwana mmoja akijua kwamba mfanya kazi aweza kufika barazani, wafanya kazi mia hulipwa vema, nao hawakanyagi baraza kamwe.

NA SISI JE?

Katika Kongo, Katiba ya mwaka 2006, sheria ya 19, yampa kila mtu haki ya kusikilizwa na hakimu anayestahili, bila kucheleweshwa kupita kiasi. Basi mwenye shauri asiogope kuuliza. Aulize ada ni kiasi gani, nayo imewekwa na sheria gani. Aulize kama maskini aweza kuachiliwa. Akilipa, adai risiti, aitunze pamoja na karatasi za shauri. Fedha inayodaiwa bila risiti, si ada.

Na wale wanaopanga ada, wamkumbuke yule mtu anayesimama mbele ya meza ya karani, akihesabu noti zake mara mbili. Akigeuka na kurudi nyumbani kimya, baraza halikupungukiwa na shauri moja tu. Sheria yenyewe imepungukiwa na nguvu, na sisi sote pamoja nayo.