Sifuri ya Jumatatu

Habari ya barabara ndiyo iliyonipandisha milima ya Vidunda, juu ya Kidodi. Kilichonishika huko ni fomu iliyokuwa mezani kwa nesi wa zahanati: ukurasa mzima umejaa sifuri.

Magonjwa yamepangwa mstari kwa mstari upande wa kushoto: kipindupindu, surua, kimeta, kupooza kwa ghafla. Kila ugonjwa una visanduku vyake, chini ya miaka 5 kando, miaka 5 na zaidi kando; waliougua, waliokufa. Na kila kisanduku 0, kwa peni ya bluu, mwandiko haujachoka hata kwenye mstari wa mwisho. Nikamwuliza kwa nini asipige mstari mmoja akamaliza.

Alinieleza bila haraka. Kisanduku kikiachwa wazi, aliyeko wilayani hawezi kujua kama surua haipo au nesi hakuangalia. Sifuri inasema ameangalia. Ndiyo maana kila Jumatatu huipitia rejesta ya wagonjwa wa nje jina kwa jina, kwa wiki iliyoisha Jumapili, kisha hutoka kutafuta mtandao ili atume. Akimshuku mgonjwa wa kipindupindu hangoji Jumatatu. Hupiga simu saa hiyo hiyo.

Wanaosimamia kazi hii ya kufuatilia magonjwa wilayani wana pa kujifunzia na pa kukutania. Programu ya mafunzo ya epidemiolojia na maabara ilianza Tanzania 2008. Mtandao wa AFENET wenye makao Kampala, ulioundwa 2005, unaziunga mkono programu za aina hiyo Afrika. Katika kozi yake ya miezi mitatu mtumishi hupewa kazi ninayoiona ya heshima kubwa: kurudi vituoni kulinganisha rejesta na taarifa zilizotumwa. Chama cha Afya ya Jamii Tanzania nacho huwakutanisha wataalamu kwenye makongamano.

Nesi wangu hajawahi kuhudhuria hata moja, ila swali analo. Sifuri yake ni ya waliofika zahanati. Masika, njia ikikatika, mtoto anaweza kuharisha na kufia nyumbani, habari zimfikie nesi kupitia mhudumu wa afya ya jamii wiki mbili baadaye, fomu imeshakwenda. Mtoto huyo amwandike wapi? Na je, ile 0 aliyokwisha kuituma ilikuwa kweli au uongo? Angependa wakikutana tena wataalamu, mtu alisome swali hilo kwa sauti, kabla ya chai.