UZI: "Squatter" ni nani hasa?

Siasa ikipamba moto huku Pwani, kuna neno moja halikosi jukwaani: squatter. Sisi tunasema skwota, magazeti yanaandika maskwota. "Nitawapa maskwota hati!" "Maskwota waondoke!" "Mimi si skwota, hapa ni kwa babu yangu!" Nakaa Shelly Beach, Likoni, na naona watu wanakesha wakibishana mitandaoni wakati kila mmoja analitumia neno kwa maana yake. Hebu tulifungue. Uzi ni mrefu kidogo, vumilieni.

Kwa Kiingereza, "to squat" ni kuchuchumaa. Mtu aliyechuchumaa hajakaa kitako, saa yoyote anaweza kuinuka akaenda zake. Mwishoni mwa karne ya 18 Wamarekani walianza kuwaita "squatters" watu waliojenga na kulima kwenye ardhi wasiyokuwa na karatasi zake. Kiini cha neno hakijabadilika: ardhi ina mwenyewe kisheria, wewe unaikalia, na mwenyewe hakukuruhusu. Likikosekana moja kati ya hayo, neno halikuhusu.

Na msidhani neno hili daima lilikuwa la maskini. Kule Australia squatter alikuwa mtu wa maelfu ya kondoo, aliyejichukulia malisho nje ya mipaka iliyowekwa na serikali. Wenyewe hawakufukuzwa. Mwaka 1836 New South Wales iliwawekea leseni ya kulisha humo, na baadaye wakawa matajiri wakubwa wa nchi. Sikiliza vizuri: leseni, si tingatinga.

Kenya neno likapinduliwa tena. Sheria ya mkoloni ya 1918 ilimtaka Mwafrika anayeishi kwenye shamba la mlowezi amfanyie kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, naye akaruhusiwa kulima na kufuga hapo. Huyo aliitwa squatter. Lakini jamani, huyo alikuwa na ruhusa, tena ya mkataba! Alikuwa kibarua anayeishi shambani. Jina lilimfaa mlowezi tu, kwa sababu anayeitwa squatter hata akizaa na kuzika pale, hawezi kusema pale ni kwao. Maelfu walipokuja kutimuliwa Bonde la Ufa baada ya vita vya pili vya dunia, hasira zile ziliingia moja kwa moja kwenye Mau Mau.

Sasa tuje kwetu, maana Pwani ina hadithi yake.

Huu ukanda wa maili kumi ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakiuendesha kwa mkataba tangu 1895. Mwaka 1908 wakatunga sheria ya hati za ardhi: mwenye dai alilete, lisikilizwe, akishinda apewe hati. Isiyodaiwa ikawa ya Taji la Uingereza. Kwa karatasi inaonekana haki tupu. Lakini sheria ile ilimfaa mtu mmoja mmoja mwenye ushahidi mkononi. Ardhi ya Wadigo na Mijikenda wengine ilikuwa ya ukoo, mipaka yake ni miembe, minazi na makaburi. Wengi hawakudai, na wengine habari hazikuwafikia. Basi mtu akalala mwenye shamba, akaamka yuko kwenye shamba la mwingine au la serikali, na hajasogeza hata jiko. Sheria ile ilifutwa mwaka 2012, ila hati zilizotoka humo zingali na nguvu.

Ndiyo maana mzee wa Likoni akiitwa skwota anaona ametukanwa. Kukubali lile jina ni kukubali kwamba mwenye karatasi ndiye mwenye ardhi, na yeye anasema ile karatasi ndiyo yenye kasoro. Kesi ya mzee huyu ni dhuluma ya kihistoria. Katiba ya 2010 inaitaja waziwazi na kuipa Tume ya Taifa ya Ardhi jukumu la kuichunguza. Mlango wake si ule wa skwota.

Mnakumbuka shamba la Waitiki, ekari 930 hapa hapa Likoni? Serikali ililinunua, na Januari 2016 hati zikaanza kugawiwa. Halafu wakaazi wakaambiwa kila mmoja alipe Sh182,000 kidogo kidogo. Upande mmoja wa siasa ukasema lipeni, mwingine ukasema msilipe. Kelele zote zile, kwa maoni yangu, zilikuwa juu ya neno moja. Kama wewe ni skwota, umeuziwa ardhi kwa bei nafuu, shukuru. Kama ni ya babu yako, unauziwa mali yako mwenyewe. Hakuna mheshimiwa aliyesimama akasema analitumia neno kwa maana ipi. Na mle shambani wote wawili wapo, wa asili na wa kuja.

Kuna kundi la tatu linalosahaulika, na Mombasa limejaa: wenye nyumba bila ardhi. Nyumba umejenga wewe, kiwanja ni cha mtu, na kila mwezi unamlipa kodi ya kiwanja. Huyu si skwota kabisa. Ni mpangaji wa ardhi. Risiti zake ndizo ngao yake, azitunze.

Hapo pana mtego. Sheria yetu inamruhusu aliyekalia ardhi ya mtu binafsi miaka 12 mfululizo, waziwazi na bila ruhusa, kwenda mahakamani kuomba iwe yake. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufani kule Malindi ilisema sheria hiyo haipingani na Katiba. Lakini ukiwa ulilipa kodi, au mwenyewe alikukaribisha, dai linaanguka, maana ulikuwa na ruhusa. Ukisema ni ya babu yako pia linaanguka, kwa sababu huwezi kuomba upewe kile unachodai ni chako tayari. Yaani "mimi si skwota" inapigiwa makofi jukwaani, na kortini inaweza kukumaliza. Kwenye ardhi ya serikali ndiyo usijaribu, huko miaka 12 haihesabiwi. Tegemeo la huko ni mpango wa makazi, na Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 134, imewataja maskwota kwa jina.

Kando kidogo: tembea ufuoni uhesabu kuta zilizokula njia za umma za kuteremkia baharini. Aliyejenga ukuta ule amekalia ardhi isiyo yake bila idhini ya wenyewe, ambao ni mimi na wewe. Kwa Kiingereza safi huyo ni squatter. Mmeshasikia akiitwa hivyo? Yeye ni mwekezaji.

Basi mheshimiwa akija na ahadi, muulizeni: maskwota wapi, wa ardhi ya nani, na unawapa au unawauzia?

Na kwa aliye skwota kweli kweli, asiye na hati wala risiti wala babu: bado una haki. Tangu marekebisho ya 2016, mwenye ardhi binafsi lazima akupe notisi ya maandishi ya angalau miezi mitatu kabla ya kukutoa, nawe unaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi kuipinga. Ukiletewa barua ya siku saba, usiichane. Ipige picha, weka nakala, uipeleke hivyo hivyo ilivyo.